Mawe juu ya bati na madirisha wazi: je, yanaokoa paa kimbunga kikija?

SWALI: Shikamoo fundi. Nyumba yangu ipo Kilindoni, Mafia. Ni ya tofali za saruji, ina lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha), bati geji 30, haina dari. Tangu kimbunga Hidaya kilipotupiga Mei 2024, kikitangazwa kimbunga majirani hupandisha mawe na viroba vya mchanga juu ya bati, na huacha madirisha wazi ili upepo upite. Je, ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Mawe yashushwe, na madirisha yafungwe yote.

Upepo ukipita juu ya paa hauligandamizi, bali hulifyonza kwenda juu, hasa kwenye pembe, ukingoni na karibu na kofia (bati la kileleni). Kwa upepo wa kilomita 120 kwa saa, mvuto pembeni unaweza kuzidi kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 3 lina uzito usiofika kilo 8, lakini hapo linanyanyuliwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 200. Jiwe la kilo 10 halizuii kitu. Bati likiachia, jiwe hilo linaruka na kumwangukia mtu. Tena mwendo wa upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake inakuwa mara nne.

Dirisha wazi ndilo baya zaidi. Upepo ukiingia na kukosa pa kutokea, unasukuma paa kwa ndani huku mwingine ukilivuta kwa nje. Nyumba isiyo na dari hupata pigo hilo moja kwa moja kwenye bati. Pigilia mbao au plaiwudi madirishani, na mlango uuwekee komeo juu na chini, maana kitasa cha katikati peke yake hung'oka.

Sasa paa lenyewe. Panda ukague misumari. Huku kwetu chumvi hula msumari chini ya kichwa chake, mahali usipopaona: ukiugusa kwa nyundo, kichwa kinakatika. Huo ng'oa, weka skrubu ya bati yenye mpira, iingie kwenye papi (mbao zinazoshika bati) angalau milimita 35. Msumari laini hutoka kidogo kidogo kila upepo unapotikisa, skrubu haitoki hivyo. Piga juu ya mgongo wa bati, si bondeni, maji yasipenye. Ukingoni, pembeni na kwenye kofia piga kila mgongo. Katikati ya paa, mgongo mmoja ruka mmoja. Usikaze mpaka mpira upasuke. Geji 30 ni nyembamba, ikikazwa mno inachanika tunduni.

Hata hivyo bati lililoshika papi vizuri linaweza kuondoka na papi na kenchi zake (fremu za mbao zinazobeba paa). Hapa ndipo mafundi wengi tunapokosea: kenchi inapigwa misumari miwili ya mshazari, basi. Toboa ukuta chini kidogo ya lenta, pitisha waya wa zinki wa milimita 4, uzungushe mara mbili juu ya kenchi na uukaze kwa kuupota. Fanya hivyo kwa kila kenchi, pande zote mbili. Waya ukizunguka chini ya lenta, paa linalazimika kuinua lenta nzima. Na papi nazo zifungwe kwenye kenchi kwa waya, kuanzia zile za ukingoni.

Kazi hii imalizike kabla ya Aprili. Kimbunga cha Zanzibar cha 1872 na kile cha Lindi cha 1952 vyote vilipiga tarehe 15 Aprili. Kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ikishatangaza, usipande tena juu. Muda huo ni wa kujaza maji, lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, ya siku tatu, na kukusanya nje kila kinachoweza kuruka. Wanaokaa ufukweni wahamie sehemu ya juu mapema, kwani paa imara halizuii bahari kupanda.

Na jicho la kimbunga likipita juu yenu kuelekea bara, upepo wa kwanza hutoka kusini, kisha unatulia kabisa, halafu unarudi kwa nguvu ukitokea kaskazini. Utulivu huo usiwatoe nje. Ubao uliostahimili upande wa kusini haukuwa umejaribiwa kaskazini, kwa hiyo madirisha ya pande zote yapewe mbao ileile na misumari ileile.