Sauti nimeisikia, mbona nuru siioni?

SWALI: Shikamoo Bibi. Safu yako naisoma miaka mingi, ila kuandika ndiyo mara ya kwanza. Kwa miezi minne sasa nakaa taamuli kila usiku. Naziba masikio kwa vidole gumba na kusikiliza sauti ya ndani, kama nilivyofundishwa kwenye yoga. Naisikia kweli: mlio mwembamba kama wa nyenje, na chini yake ngurumo. Niliambiwa nikiufuata mlio utanifikisha kwenye nuru. Nuru haijaja. Basi nikaanza kujikandamiza macho kwa vidole, na hapo naona duara za zambarau na manjano, nzuri ajabu. Mwenzangu ninayejifunza naye anasema ndiyo yenyewe hiyo. Moyo wangu unakataa. Nani mkweli?
– Mwenye Nyenje Masikioni

JIBU: Marahaba mwanangu. Moyo wako ndio mkweli. Mwenzako msalimie.

Kwanza ondoa vidole machoni, leo hii. Zile duara hazihusiani na yoga hata kidogo. Mtoto mdogo akifikicha macho kwa usingizi huziona bila kufundishwa na mtu. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina jibu jingine: ipigwe na mwanga au ikandamizwe kwa kidole, habari inayopeleka kwenye ubongo ni ileile, "mwanga". Isitoshe, kukandamiza macho hupunguza mapigo ya moyo kwa wengine, na mwenye presha ya macho anajitafutia balaa. Najua ulikoipata tabia hiyo. Kuna mudra, yaani mkao wa mikono katika yoga, iitwayo shanmukhi, ambayo vidole gumba huziba masikio na vidole vinavyofuata hukaa juu ya kope. Hukaa, mwanangu, kama nzi aliyetua. Hakuna kukandamiza.

Na ile ngurumo ya chini? Hiyo ni misuli ya mikono yako mwenyewe, inayotetemeka kwa kazi ya kuinua viwiko, nayo inapita kwenye kidole gumba moja kwa moja hadi sikioni. Egemeza viwiko mezani uone itakavyopungua. Au achana na vidole, utumie vizibo vya nta. Usione haya. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilisikia mvumo mzito, mpana, usiokatika, nikamwendea mwalimu wangu kifua mbele: nimefika kwenye sauti ya bahari! Akaja akakaa nami chumbani, akasikiliza kidogo, akainuka, akachomoa waya wa friji. Bahari yangu ikakauka palepale.

Ukishaondoa friji na misuli, anabaki nyenje wako. Hata yeye usimpe cheo mapema. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Marekani, Heller na Bergman, waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima katika chumba kisichopitisha sauti. Asilimia 94 wakasema wanasikia kitu: mlio, mvumo, filimbi. Hawakuwa wanayogi. Kwa hiyo kusikia tu hakukufanyi mteule, na nakusihi usianze kutembea kama mteule, maana wapo. Kazi inaanzia pale unapoamua kukaa na kile unachokisikia.

Sasa twende kwenye kiini cha swali lako. Wewe unauona mlio kama njia, na nuru kama mji ulioko mwisho wa njia. Unatembea miezi minne, unachungulia, mji hauonekani, unakasirika. Mimi niliishi na picha hiyohiyo kwa miaka miwili. Lakini vitabu vya zamani vya yoga havisemi hivyo. Katika Gheranda Samhita, mahali inapoelezwa pumzi ya bhramari, ile ya mvumo wa nyuki, inasemwa kwamba ndani ya mlio mna nuru, na ndani ya nuru mna akili, na hapo ndipo akili inapoyeyukia. Ndani, si baada. Kama maji ndani ya dafu: huachi dafu ukaenda kutafuta maji. Nuru ukiifuata kwa macho, mboni zinapinduka juu, paji la uso linakaza, na mlio unakuponyoka. Umepoteza vyote viwili.

Ndiyo maana Hatha Yoga Pradipika, ya karne ya 15, inatumia sehemu nzuri ya sura yake ya nne kueleza kusikiliza. Inazipanga sauti: mwanzo zile nene, bahari, radi, ngoma kubwa, kati, kengele na baragumu, mwisho zile nyembamba, njuga, filimbi, vina (ala ya nyuzi ya Kihindi), nyuki. Usiifanye ratiba. Wapo wanaoanza na nyembamba kama wewe, na ngoma hawaisikii maisha yao yote. Cha kushika ni agizo lililo ndani yake: hata sauti kubwa zikivuma, tega sikio kwenye iliyo nyembamba zaidi. Mfano wao wa nyuki naupenda sana: nyuki anayenywa asali ya ua hana habari na harufu yake; ndivyo akili iliyozama kwenye mlio isivyojali mengine.

Fanya hivi kwa mwezi mmoja. Kaa wima, mikono mapajani, macho yamefungwa kama ya mtu aliyelala. Vuma kama nyuki mara tano, pumzi ndefu, midomo imefumbwa. Kisha nyamaza, na sikiliza kile kimya kinachobaki. Hapo nyenje atasikika bila kuzibwa sikio. Mwangalie vizuri, si mmoja. Nyuma ya mlio wake upo mwingine, mwembamba zaidi, unaokuja na kupotea. Hamia kwa huo. Ukipotea, rudi kwa wa kwanza bila kujilaumu. Dakika ishirini zatosha. Macho hayana kazi, yaache gizani.

Kwangu ilikuwa mwaka wa tatu. Haikuwa taa. Giza lenyewe lilianza kukolea weupe, kama maziwa yanapomwagwa ndani ya maji, na halikuwa mbele wala juu. Lilikuwa mahali palepale mlio ulipokuwa. Nikasema moyoni, "Hii hapa!" Ikazimika. Nilipomsimulia mwalimu, hakupongeza. Aliuliza tu: "Na mlio, wakati huo, ulikuwa wapi?" Nikakumbuka kwamba niliuacha mara tu nilipogeuka kutazama.

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi nasikia sauti ya ndani bila hata kukaa taamuli, mchana na usiku, sikio la kushoto tu. Inapiga du, du, du. Nimesoma kuwa sikio la kulia ndilo bora. Nifanyeje ihamie kulia?
– Wa Kushoto

JIBU: Marahaba. Ni kweli vitabu vinataja sikio la kulia, lakini suala lako si la vitabu. Sauti ya sikio moja, isiyokoma, inayokwenda na mapigo ya moyo, ni ya daktari wa masikio. Nenda wiki hii. Ikiwa kuna kizunguzungu, au sikio limepoteza usikivu ghafla, nenda leo. Na mwingine asomaye hapa, ukiona vimulimuli vya ghafla na madoa mengi yanayoelea, au kivuli kama pazia pembeni mwa jicho, usijiambie nuru imekuja. Huenda ni retina inabanduka, na hiyo haingoji kesho. Wewe wa kushoto, kabla ya kwenda andika kwenye karatasi: ilianza lini, inapungua ukilala upande gani, na umetumia dawa zipi karibuni. Atakuuliza.