Gia ya mkono, au "inayoendeshwa na mkono"?

SWALI: Ninaandika maelezo ya Kiswahili ya video inayowaonyesha mafundi wa Marekani wakiigeuza pikipiki ya zamani ya Harley-Davidson ili gia iingizwe kwa mkono badala ya mguu. Niliandika "gia ya mkono". Mwenzangu amekata, akaweka "kibadilishio cha gia kinachoendeshwa na mkono". Anadai langu ni la gereji. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe. Neno gia limetufikia pamoja na magari, sawa na klachi na breki, na limeshakuwa mwenyeji. Kifaa hukiita kwa kiungo kinachokitumia: breki ya mkono, cherehani cha mkono, cherehani cha miguu. Sijapata kumsikia fundi nguo akiulizia "cherehani kinachoendeshwa na miguu". Kinachoendeshwa ni pikipiki; gia huingizwa, hubadilishwa, hupanguliwa.

Lakini hayo ningeyavumilia. Kinachonichoma roho ni hiyo "na". Siku hizi iko kila mahali: mlango umefunguliwa na ufunguo, barua imeandikwa na kalamu, shamba limelimwa na jembe. Katika kauli ya kutendwa, "na" humtaja mtenda, na kifaa hutajwa kwa "kwa". Shamba limelimwa na Juma kwa jembe. Ukisema limelimwa na jembe, umemnyang'anya Juma jasho lake lote.

Tazameni sindano. Mtoto akiikanyaga uani, amechomwa na sindano: hakuna aliyeishika, imemchoma yenyewe, kama mtu anavyochomwa na mwiba au kupigwa na jua. Akipelekwa zahanati muuguzi akampa dawa, amechomwa sindano, bila "na" wala "kwa". Mwenzake akimvizia akamdunga makusudi, amechomwa kwa sindano. Sindano ni ileile, na kijineno kimoja, kikiwapo au kisipokuwapo, ndicho kinachotuambia kama ni ajali, tiba au uchokozi. Halafu mtu anakaa mbele ya kipaza sauti na kututangazia kwamba marehemu "ameuawa na panga". Panga halikutoka lenyewe nyumbani kwenda kuua. Aliyelishika ametoroka, na mtangazaji amemsaidia kutoroka hata ndani ya sentensi. Hili halinichekeshi hata kidogo.

Tuirudie pikipiki yako, maana maelezo yako yamebakiza jambo. Watazamaji wako wamezoea bodaboda: klachi inavutwa kwa mkono wa kushoto, gia inakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Harley kubwa za zamani zilikuwa kinyume chake. Wenzo wa gia ulisimama ubavuni mwa tangi, na klachi ilikuwa chini ya mguu wa kushoto. Mwaka 1952 ndipo kampuni ilipoanza kuwapa wanunuzi wa pikipiki hizo nafasi ya kuchagua gia ya mguu na klachi ya mkono. Mafundi wa leo wakirudisha gia mkononi, klachi nayo kwa kawaida hurudi mguuni. Wengine huacha tangi kabisa na kufunga wenzo juu ya giaboksi yenyewe, karibu na paja la dereva. Na wapo wanaoweka klachi yenye springi inayoirudisha mara mguu unapoondoka. Kwenye taa nyekundu, gia ikiwa imeingia, dereva hathubutu kuuinua mguu huo, la sivyo pikipiki inachomoka naye. Wamarekani wenyewe huiita klachi ya kujiua.

Kwa hiyo "gia ya mkono" peke yake ni nusu ya habari. Andika: "Pikipiki hii ya zamani imegeuzwa, sasa gia ni ya mkono, klachi ni ya mguu." Ya zamani, si ya kizamani: ya pili ingemaanisha imepitwa na wakati, na mafundi hao wangekuwa na haki ya kukasirika.

Fundi aliyelala chini ya injini akisema gia "inaingizwa na mkono", nitamwacha amalize kazi yake. Mwenzako ameketi mezani, ana kalamu na muda wa kufikiri. Yeye simwachii.