Swali la lugha: jenomu hupangwa, hufuatanishwa au husomwa?

SWALI: Tunaandaa mwongozo wa Kiswahili kwa wataalamu wa maabara wanaochunguza jenomu (jumla ya maelezo ya urithi) za bakteria wa kifua kikuu. Rasimu yetu ina sentensi hii: "Baada ya kupanga jenomu ya bakteria hii, ilibainika haina jeni ya katG, na protini zake pia zilipangwa." Mwenzetu mmoja anataka "kufuatanisha", mwingine "kuchora ramani ya jenomu", wa tatu anaona tubaki na neno la Kiingereza, "sequencing". Kipi sahihi? Na je, protini nazo hupangwa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Semeni "kusoma mfuatano wa jenomu", au kwa kifupi "kusoma jenomu". "Kupanga" si kosa la sarufi, na vyombo vya habari vimelizoea, lakini katika mwongozo wa maabara linapotosha. Anayepanga ndiye anayeamua nini kitangulie na nini kifuate. Mashine haiamui lolote: mfuatano wa besi za DNA, yaani herufi A, C, G na T, umo tayari ndani ya bakteria, nayo inausoma tu. Isitoshe, ndani ya kazi hiyohiyo kuna hatua ambayo kweli ni ya kupanga, na mkilitumia neno hilo mapema mtalikosa linapohitajika. "Kufuatanisha" lina ila ileile, tena linakaribiana mno na "kufuatilia". Ufuatiliaji wa jenomu ni kazi nyingine kabisa, ya kukusanya sampuli mwezi hadi mwezi ili kujua aina ipi ya kimelea inaenea na inaenea wapi. Na neno la Kiingereza halina sababu ya kubaki wakati Kiswahili kina kitenzi ambacho hata mhudumu wa mapokezi anakielewa.

Hata hivyo kitenzi kimoja hakitoshi. Sentensi yenu imebeba kazi kadhaa tofauti, na kila moja ina ushahidi wake. Mwongozo mzuri humfanya msomaji ajue, kwa kitenzi tu, ni ushahidi gani unaozungumziwa.

Kabla ya kusoma kuna kuotesha, kutoa DNA na kuisafisha. Tofautisheni "kutoa" na "kusafisha", kwa kuwa hukwama kwa sababu tofauti. Ukuta wa Mycobacterium tuberculosis, yaani bakteria wa kifua kikuu, una asidi mikoliki, ambayo ni kama nta, hivyo vimeng'enya vinavyopasua bakteria wengine kama E. coli kwa urahisi havitoshi. Baada ya kuuliwa kwa joto, seli hutikiswa pamoja na shanga ndogo ngumu mpaka zipasuke. DNA ikiwa kidogo, tatizo huwa mara nyingi ni la kutoa. Ikiwa nyingi lakini vitendanishi vya hatua inayofuata haviifanyii kazi, tatizo ni la kusafisha. Uwiano wa ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 260 na 280 ukiwa karibu na 1.8, DNA haina protini nyingi, ukishuka sana, shuku protini au fenoli, ukikaribia 2.0, shuku RNA. Kwa hiyo msiandike "wingi wa DNA" bila kusema umepimwaje. Kipimo cha mwanga wa urujuanimno huihesabu RNA pamoja na DNA, ilhali rangi inayong'aa inaposhika DNA ya nyuzi mbili huiacha RNA nje. Namba mbili kutoka kwenye mrija mmoja zinaweza kupishana sana bila aliyepima kukosea.

DNA iliyosafishwa hukatwa vipande, na kila kipande hufungwa vishikizo kwenye ncha zake. Neno "kishikizo" linafaa sana hapa: ni DNA fupi ya mfuatano unaojulikana, ambayo mashine huitumia kukishika kipande na kuanzia kusoma. Mashine za Illumina kwa kawaida husoma besi 150 kutoka kila ncha ya kipande. Zile za Oxford Nanopore hupitisha uzi mmoja kwenye tundu dogo na kupima mabadiliko ya mkondo wa umeme, na husoma maelfu ya besi kwa mkupuo, ingawa hukosea zaidi pale herufi moja inapojirudia mfululizo, kwa mfano GGGGGGG.

Matokeo ya kila usomaji mmoja tuyaiteje? Nimeona rasimu zinazosema "kisomo". Liacheni. Kisomo ni elimu ya watu wazima, na kwa watu wa pwani ni dua inayosomwa nyumbani kwa mtu. "Kipande kilichosomwa" linatosha, na baada ya kutajwa mara moja linaweza kufupishwa kuwa "kipande". Kila besi ndani yake huja na alama ya ubora: Q20 maana yake uwezekano wa kosa ni 1 katika 100, Q30 ni 1 katika 1,000. Andikeni "ubora wa Q30", si "usahihi wa asilimia 30", kosa ambalo mtu asiyeuzoea mfumo huo hulifanya kirahisi.

Kisha kuna maneno mawili yanayochanganywa kila siku, "kina" na "upana". Kina cha usomaji ni wastani wa mara ambazo kila besi imesomwa. Upana ni sehemu ya jenomu iliyosomwa angalau mara moja, au angalau mara kadhaa mtakazoweka kama kiwango chenu. Jenomu ya bakteria wa kifua kikuu ina jozi za besi takriban milioni 4.4. Ukitaka kina cha mara 50 unahitaji besi milioni 220, yaani vipande takriban milioni 1.5 vya besi 150 kila kimoja. "Jenomu imesomwa mara 98" na "asilimia 98 ya jenomu imesomwa" ni habari mbili zisizohusiana, na sampuli moja inaweza kuwa nzuri kwa hesabu moja na mbovu kwa nyingine. Ile 50x inayotoka kwenye programu iandikeni "mara 50".

Sasa "ramani". Mwenzenu hajakosea kabisa, ila amelipeleka neno mahali pasipo pake. Vipande vikishasomwa kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuvilaza vipande juu ya jenomu rejea, ambayo kwa kifua kikuu ni ya H37Rv, aina ya bakteria huyo inayotumiwa maabara, iliyosomwa yote na kutangazwa mwaka 1998. Anayetaka kuiita hatua hii kuweka vipande kwenye ramani anaruhusiwa, ingawa mimi napendelea "kulaza", kwa sababu linaonyesha kwamba kipande kinatafutiwa mahali kinapolingana. Ya pili ni kuunganisha vipande vyenyewe kwa vyenyewe pale miisho yao inapofanana, bila kutegemea rejea. Hapo ndipo "kupanga" linapopata haki yake, maana programu inaamua kipi kitangulie kipi. Nayo hukosea. Mfuatano unaohamahama uitwao IS6110 una urefu wa besi 1,355, na kwenye H37Rv umejirudia mara 16. Kipande cha besi 150 kilichoangukia katikati yake kinalingana na sehemu zote 16 sawasawa, hivyo uunganishaji hukatika hapo na jenomu hubaki katika makontigi mengi, yaani vipande virefu vilivyounganishwa lakini visivyofungamana, badala ya kuwa duara moja.

Njia ya kulaza nayo ina mabaka yake. Jeni za jamii za PE na PPE, ambazo ni takriban asilimia 10 ya uwezo wa jenomu hiyo wa kutengeneza protini, zinafanana mno na zina G na C kwa wingi, na wachambuzi wengi huziziba wasizihesabu. Andikeni basi kwamba sehemu hizo "zimewekwa kando". Kuandika "hazina mabadiliko" ni kudai jambo ambalo hakuna aliyelitazama.

Hilo linatufikisha kwenye neno lililonisumbua zaidi katika rasimu yenu: "haina". Jeni ya katG hutengeneza kimeng'enya ambacho huiamsha dawa ya isoniazidi ndani ya bakteria. Bakteria aliyepoteza jeni hiyo ni sugu dhidi ya isoniazidi. Kwa hiyo "haina jeni ya katG" si maelezo ya maabara tu. Daktari anaweza kubadilisha matibabu kwa sentensi hiyo.

Kiswahili kina ukanushaji wa aina mbili unaofaa hapa, na ni hasara kubwa kutoutumia. "Jeni haijaonekana" husema tumetafuta na hadi sasa hatujaiona. "Jeni haimo" husema tumethibitisha kwamba imetoka. Tofauti hutazamwa kwenye kina. Ikiwa pande zote mbili za katG kina ni mara 50, ndani ya katG kina ni sifuri tangu mwanzo hadi mwisho wa besi zake 2,223, na kuna vipande vinavyoruka moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi wa pili, andikeni "haimo" au "imefutika". Ikiwa sampuli nzima ina kina cha mara 5 na matundu yamejaa kila mahali, andikeni "haijaonekana" na mrudie usomaji. Katika faili la mfuatano tofauti hiyohiyo ipo: herufi N maana yake besi haikujulikana, kistari kwenye ulinganisho maana yake besi haipo. Anayezisoma zote mbili kama "haina" amefuta ushahidi.

Mara nyingi zaidi jeni ipo lakini imebadilika. Badiliko linalojulikana sana ni la kodoni (herufi tatu zinazotaja asidi amino moja) ya 315: AGC inakuwa ACC, na asidi amino ya serini inakuwa threonini, ndiyo ile inayoandikwa S315T. Kwa Kiswahili semeni "serini ya 315 imebadilika kuwa threonini". Mjihadhari na jambo moja: kwenye H37Rv jeni ya katG imeandikwa kwenye uzi wa kinyume. Orodha ya mabadiliko inayohesabu kwa jenomu nzima itaonyesha C kuwa G, ilhali ukihesabu ndani ya jeni utaona G kuwa C. Ni badiliko lilelile, na mwongozo wenu useme hivyo waziwazi, la sivyo watu wawili watabishana juu ya matokeo yanayokubaliana. Vilevile sugu ni bakteria. Dawa si sugu, na mgonjwa si sugu. "Usugu wa dawa" ni mkato unaoficha hilo, na "usugu dhidi ya dawa" ni bora.

Protini hazipangwi, na kwa njia wanayotumia wengi siku hizi hata kusomwa hazisomwi kwa maana kamili. Protini hukatwa kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata baada ya lisini na ajinini, isipokuwa pale inapofuata prolini. Vipande hivyo hupimwa uzito kwenye spektrometa ya masi, kisha uzito wa kila kipande na wa mabaki yake ukikatwa tena hulinganishwa na uzito uliokokotolewa kutoka kwenye jenomu. Kinacholingana huhesabiwa kuwa kimeonekana. Kitenzi chake ni "kutambua". Kwa nini si "kusoma"? Leusini na isoleusini zina uzito sawasawa, kwa hiyo kwa upimaji wa kawaida mashine haiwezi kuzitofautisha. Anayeandika leusini mahali hapo ameitoa kwenye jenomu. Aidha, protini yaweza kutambuliwa kwa vipande viwili tu huku sehemu kubwa ya urefu wake haijaonekana kamwe. Tajeni asilimia ya urefu iliyoonekana, na kiwango cha utambuzi wa uongo kilichokubaliwa, ambacho mara nyingi ni asilimia 1. Na keratini ikijitokeza kwa wingi, imetoka kwenye ngozi na nywele za aliyeandaa sampuli. Njia ya zamani ya Edman, inayong'oa asidi amino moja moja kutoka mwanzoni mwa protini, hiyo ndiyo inayostahili kuitwa kusoma.

Kuna kitenzi cha tatu cha protini: "kukisia". Programu inayopitia jenomu na kusema hapa pana jeni inakisia. Huanzia kwenye kodoni ya mwanzo, ambayo kwa bakteria si ATG pekee bali pia GTG na TTG, na huishia kwenye TAA, TAG au TGA. Ikiwekwa itafute ATG tu, protini nyingi za bakteria huyu zitaanza katikati. Protini ya namna hiyo ni "iliyokisiwa" mpaka spektrometa iitambue.

Hivyo sentensi yenu, kama ushahidi unaruhusu, iwe: "Baada ya kusoma jenomu ya bakteria huyu kwa kina cha mara 50 na kuvilaza vipande juu ya H37Rv, ilibainika kuwa jeni ya katG haimo; protini ya KatG nayo haikutambuliwa." Jina la jeni lianze kwa herufi ndogo na liwe la mlazo, la protini kwa K kubwa na bila mlazo. Ili kuepuka kuanza sentensi kwa herufi ndogo, tangulizeni "jeni ya".

Upatanisho ni mwepesi. Bakteria huyu, bakteria hawa. Jenomu hii, jenomu hizi, wala si "majenomu". Virusi hufuata ki-vi: kirusi hiki, virusi hivi. Na mnapofika kwenye virusi, acheni "jozi" pale jenomu ni uzi mmoja wa RNA. Kirusi cha UVIKO-19, kwa jenomu yake rejea, kina besi 29,903. Jozi hazimo, kwa sababu hakuna uzi wa pili, na ndiyo maana RNA yake hunakiliwa kwanza kuwa DNA kabla ya vishikizo kufungwa.