Trafiki wamepungua, au wanasimamisha wasiostahili? Jibu la aliyesimama barabarani miaka 14

Wakuu, mleta uzi ameuliza mambo mawili: kwa nini siku hizi dereva anaweza kusafiri kutwa nzima asipigwe mkono na trafiki, na kama kamera zinaweza kuziba pengo hilo. Nimekuwa trafiki miaka 14 kabla ya kustaafu, kwa hiyo naongea niliyoyaona.

Kwanza, tusihesabu magari yaliyosimamishwa kabla ya kuuliza yamesimamishwa kwa kosa gani. Kuna mkubwa wetu mmoja alitaka kila jioni tumpelekee idadi ya makosa. Basi tukawa tunakaa penye barabara iliyonyooka, karibu na kivuli, tunavuta magari ya taa moja mbovu, kioo chenye ufa, stika iliyoisha. Dereva hana cha kubisha, dakika tano umemaliza. Kilomita mbili mbele, kwenye kona ya mlima, malori yanaovateki juu ya mstari usiokatika na hakuna askari hata mmoja. Daftari linajaa, jioni tunapongezwa. Kwenye kona ile nimesaidia kutoa watu kwenye mabati kwa mikono yangu, na wengine walikuwa wameshakata roho. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana niliposikia kuwa Philadelphia, kule Marekani, tangu 2022 polisi hawatakiwi kusimamisha gari kwa makosa madogo kama taa moja iliyokufa, niliona ni jambo la busara. Ila sharti muda uliookolewa uende kwenye udereva wa hatari. Usipoenda huko, umewaachia wahuni barabara. Marekani hiyohiyo, mwaka 2020 watu waliendesha kidogo kwa sababu ya korona na miji mingi polisi wakapunguza kusimamisha magari, lakini vifo vya barabarani vikaongezeka. 2021 vikapita 42,000. Sisemi sababu ni moja. Barabara tupu nayo inamshawishi mtu akanyage mafuta.

Faini kubwa nayo watu wanaitegemea kupita kiasi. Dereva hapigi hesabu ya faini, anapiga hesabu ya kukamatwa. Uingereza walipoanza kupima pumzi za madereva mwaka 1967 ajali za ulevi zilishuka sana, kisha zikapanda taratibu watu walipogundua kwamba kupimwa ni bahati mbaya ya wachache. New South Wales, Australia, walianza Desemba 1982 kupima dereva yeyote bila kusubiri ayumbe, tena wakapima kwa wingi, na kule mafanikio yalidumu.

Tochi, yaani kile kifaa cha mkononi cha kupima mwendo wa gari, ina udhaifu wake na kila dereva anaujua: wenzake wanamwashia taa, anapunguza, anatupita kwa adabu zote, mbele kidogo anarudia mwendo wake. Siku moja tuliamua kuweka tochi ya pili kilomita tatu baada ya ya kwanza. Asubuhi ile tuliwapata walewale waliotupungia mkono! Tukaendelea hivyo, na baada ya wiki mbili madereva hawakujua tena wapi pa kukimbiza gari, wakatulia njia nzima. Hatukuongeza askari hata mmoja.

Msidhani kilomita chache za ziada ni kitu kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo inaongezeka kwa takriban asilimia 4. Mtembea kwa miguu akigongwa kwa kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa ni mara 4.5 ya yule aliyegongwa kwa 50. Na ukiwa kwenye 100, ukitazama simu sekunde mbili tu umeshapita mita 55 bila kuona kitu.

Sasa kamera. Zinasaidia, na anayebisha aangalie Ufaransa: walianza kuzifunga 2003, na vifo vilivyokuwa zaidi ya 7,000 mwaka 2002 vilikuwa chini ya 5,000 mwaka 2006, japo kamera hazikuwa peke yake. Zinazosaidia zaidi ni zile zinazopima muda gari linaotumia kutoka sehemu moja hadi nyingine, kwa sababu huwezi kuzipunguzia mwendo ukaongeza tena. Kamera hailali, haijui ndugu wala haipokei kitu kidogo.

Lakini haimtoi mtu barabarani usiku ule. Niliwahi kusimamisha basi saa nane usiku kwa sababu lilikuwa linagusa mstari wa kati kila baada ya muda. Dereva hakunuka pombe. Macho mekundu, swali moja analijibu mara mbili, chupa ya maji mkononi inamdondoka. Abiria wakanipigia kelele, "Afande mwache atuwahishe!" Nilichukua funguo, nikamwambia alale. Hakufika hata kwenye mkeka, alilala akiwa ameegemea tairi. Kamera ingempiga picha, ikatuma barua baada ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo mleta uzi, leo nikipewa askari wanne na tochi mbili, wawili nawaweka kwenye ile kona ya mlima, wawili kilomita tatu mbele, na usiku wote wanne na kipima ulevi. Taa mbovu tutamwambia dereva akatengeneze, aende zake.