Wewe unayekuja Mombasa kikazi, uliza asilimia kwanza

Acha, usiagize kitu! Umeandika unakuja semina ya siku mbili, utalala Nyali, na mwenzako wa ofisini amekwambia usiku wa kwanza uende ule mkahawa wa bia za viwanda vidogo "uzipitie zote, si ni bia tu." Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na mtu niliyemwamini.

Bia tu! Tusker ina kilevi asilimia 4.2. Niliyoletewa mimi, dabo IPA, yaani bia ya hopsi nyingi na kilevi kingi, ilikuwa 8.4. Yaani nusu lita yake ni Tusker mbili ndani ya glasi moja, na hushtuki, maana hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, zinanukia embe na machungwa, unabugia kama juisi ya Marikiti. Na mimi ni mzaliwa wa Kaloleni, mnazi, tembo letu, naujua: wa asubuhi mtamu, wa jioni unakulaza. Wa jioni ningeuogopa. Hii nilipiga nne. Hesabu mwenyewe.

Kesho yake saa tatu nilitakiwa Kizingo kuwasomea wateja hesabu za mwaka. Nimeamka saa nne na robo, simu imepigwa mara 19. Tuktuk ikaganda Daraja la Nyali, dereva ananitazama kwenye kioo kama anayepeleka maiti. Nafika, namkuta kijana aliyekuja kujifunza kazi amesimama mbele anasoma slaidi zangu. Tena vizuri kunishinda. Leo yeye ndiye anayenisainia posho. Cheka tu, mimi nilishacheka nikamaliza.

Halafu yule mhudumu! Namuuliza, "Hii kali?" Ananijibu, "Hapana bosi, laini hiyo." Laini ulimini, kichwani je? Na yule mjuzi wangu aliyenipeleka, usiku kucha alikunywa soda ya tangawizi, eti kesho ana safari ya kuendesha. Kumbe alijua!

Kwa hivyo usiulize kama ni kali. Uliza asilimia ngapi. Huwa imeandikwa ubaoni au kwenye menyu, na mhudumu asipojua, akaulize ndani. Ikipita 6, chukua kiglasi kidogo cha kuonja, kimoja, kisha maji. Kama lazima uzipitie zote, ngoja semina iishe, na tiketi yako ya treni iwe ya alasiri, maana stesheni ya Miritini si karibu.

Uliuliza pia mavazi na chakula, sivyo? Shati lolote. Chakula nilikula pweza, nadhani. Au ngisi.