Sampu kumwagika umeme ukikatika: kabla ya kununua vali, pandisha kwanza mdomo wa bomba

Mkuu umesema kila umeme ukikatika sampu yako, lile tangi dogo la chini lenye pampu linalochuja maji ya tangi la samaki, inajaa mpaka inamwagika sakafuni, na unatafuta vali ya njia moja, ile inayopitisha maji kupanda tu bila kurudi, uifunge kwenye bomba. Vali nitaifikia, ila kwanza nikueleze yaliyonikuta mimi hapa Nkuhungu, Dodoma, maana ni hilohilo na mimi nilikimbilia vali hivohivo.

Tangi langu ni sm 120 kwa 45 kwa 50, nafuga samaki wa mbuna wa Ziwa Nyasa, sampu iko ndani ya kabati chini, sm 75 kwa 35 kimo 40. Bomba la kurudishia maji kutoka sampu kwenda juu nililizamisha kama sm 12 ndani ya tangi sababu sikutaka kelele za maji. Usiku mmoja umeme umekatika tumelala, saa tisa mke wangu anaamka kumwangalia mtoto anakanyaga maji sebuleni, kapeti limelowa lote, na ekstensheni nilikuwa nimeilaza chini palepale kabatini maji yameshaifikia. Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Iwapo yako iko chini, itoe leo uipigilie juu ukutani, na nyaya zilegee zishuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi ili tone likitambaa kwenye waya lidondokee hapo.

Sasa kinachotokea ni hivi, pampu ikizima lile bomba lililokuwa linapandisha maji linaanza kuyashusha, kama unavyonyonya mafuta kwenye tangi kwa mpira, yakishaanza hayasimami mpaka mdomo wa juu uvute hewa. Zile sm 12 ndo zilizonimaliza. 120 x 45 x 12 gawa kwa 1000 unapata karibu lita 65. Sampu ilikuwa na maji sm 25, imebaki sm 15 tu, yaani 75 x 35 x 15, lita 39. Lita 26 zote zikaja sebuleni.

Nikafunga vali. Ikafanya kazi kama miezi miwili hivi nikaisahau kabisa. Maji yetu ya Dodoma unayajua, haya ya visima vya Makutupora, angalia birika lako lilivyoshika utando mweupe ndani. Mbuna wanayapenda maji magumu, ila ule utando unashika na ndani ya vali, ongeza ukijani na vikonokono, basi haifungi sawasawa inapitisha kidogokidogo, na wewe uko kazini masaa manne hiyo kidogokidogo inatosha kujaza sampu. Siikatai vali, ila isiwe mlinzi pekee, na ifunge kwa yunioni, kile kiungo cha bomba kinachofunguka, uweze kuifungua na kuisafisha.

Kilichoniponya ni kupandisha mdomo wa bomba mpaka sm 2 tu chini ya maji, afu nikatoboa matundu mawili kwa biti ya milimita 5, kama sm 1 chini ya usawa wa maji. Maji yakishuka kidogo tundu linavuta hewa, mchezo umeisha. Mawili sababu moja likiziba na ukijani lingine lipo, na kila wiki napitisha kijiti.

Baada ya hapo pima mwenyewe usikisie. Pampu ikiwa imezimwa subiri mpaka maji yaache kushuka kabisa, jaza sampu hadi ibaki sm 4 kufika ukingoni, usizidishe. Washa, maji yakitulia chora mstari kwa maka pen kwenye chumba cha pampu, ile sehemu ya sampu pampu inapokaa. Huo ndo mwisho wako wa kujaza, na hapa ndo wengi wa huku tunakosea, kuanzia mwezi wa sita upepo ule mkavu unakausha maji vibaya mno, na yanapungua kwenye kile chumba cha pampu tu, mtu anaona kimekaribia kukauka anamimina ndoo nzima ili asihangaike kesho, umeme ukikatika usiku ile nafasi aliyoiacha haipo tena. Ongeza kidogo kila siku mpaka mstarini basi.

Kitu kingine, kama tangi lako halijatobolewa na maji yanashuka kwenda sampu kwa kile kiboksi cha kuning'iniza ukingoni kinachonyonya, umeme ukirudi kinaweza kuwa kimeingia hewa, pampu inapandisha na hayashuki, sasa yanamwagikia juu. Hakikisha maji yote ya chumba cha pampu yakipandishwa tangi linayabeba. Lijaribu mchana ukiwepo, zima washa mara tatu nne.

Nitumie vipimo vya tangi na sampu, na mdomo wa bomba umezama sm ngapi, nikupigie hesabu. Ila huo mdomo upandishe leoleo kabla hujalala.