Kwa nini siji Desemba

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba huko Marangu mnasema nimekuwa Mzungu: Desemba tatu mfululizo Wachagga wanapanda nyumbani, mimi sionekani, na kwenye video navaa mikono mirefu hata wakati wa joto. Nakujibu ukweli, maana nimechoka kuficha.

Figo zangu zimekufa. Hapa Leicester, Uingereza, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nalala kwenye mashine kwa masaa 4. Damu inatoka, inachujwa, inarudi. Matibabu ni ya serikali, silipi, namshukuru Mungu. Mkononi nina fistula (siyo ile ya kina mama wa uzazi, hii ni mshipa wa ateri ulioungwa na wa vena), imevimba kama kamba, ukiigusa unasikia inatetemeka. Ndiyo niliyokuwa naificha.

Sindano nimezizoea. Kilichonishinda ni kujijua. Nilikuwa dereva wa lori la usiku, mtu wa kutuma ada. Lori nimeacha. Mkojo wangu umekauka, kwa hiyo ninachokunywa kinabaki mwilini hadi siku ya mashine; napimiwa maji kama nusu lita kwa siku. Pombe ya mbege basi. Na ndizi zina madini ya potasiamu mengi, yakizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Walinifundisha nizimenye, nichemshe, nimwage maji. Mtori ni supu ya ndizi, utaumwagaje maji? Siku hiyo nililia jikoni, mimi ambaye daktari aliponipa majibu ya figo sikutoa chozi.

Watanzania wenzangu hapa walinitoa uweka hazina wa kikundi chetu cha misiba, eti nipumzike. Walinihurumia, najua. Lakini tangu hapo kila anayenipigia anaanza na pole na kumaliza na pole, hakuna anayeniuliza naonaje jambo lolote.

Wewe usinifanyie hivyo. Ule ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, uniletee, nitoe neno langu kama kaka yako, na ukiona nimekosea unikatalie.

Mama mwambie wewe, taratibu, ukiwa umekaa naye. Kisha shuka Moshi mjini, uulize pale hospitali ya KCMC kama wanaweza kunipokea kwenye mashine mara 3 kwa wiki, mwezi wa Desemba wote. Mtori mpike kama kawaida. Nitakaa karibu na chungu.